Ng'ambo ya Rufiji

Mabasi ya kusini huondoka Mbagala alfajiri, taa za barabarani zikiwa bado zinawaka. Kwenye mabuti hupangwa magodoro, mabegi ya wanafunzi na maboksi yaliyofungwa kamba. Abiria wengi hawaendi kutalii, wanarudi kwao, Lindi na Mtwara. Dar es Salaam imeazima kwao moja ya maneno yake ya kila siku, kwa maana Wamachinga ni kabila la Lindi, na vijana wa huko waliokuja mjini kutembeza bidhaa mkononi ndio wanaotajwa kuwa chanzo cha neno machinga.

Mgeni anayepanda basi hilo kwa matembezi bado ni wa nadra. Watalii wanaoingia Tanzania kwa kawaida huelekezwa Arusha, wakazungushwa Serengeti na Ngorongoro, wakaonyeshwa au kupandishwa Kilimanjaro, kisha wakarushwa Unguja kupumzika. Safari hiyo ni nzuri na hakuna wa kuibeza. Ila inamrudisha mtu kwao akiwa na mafungu mawili kichwani, wanyama upande mmoja na watu upande mwingine, kana kwamba nchi iligawanywa hivyo. Kusini mwa Rufiji mgawanyo huo haupo. Huko upepo ulijenga mji, matumbawe yakawa kuta za msikiti, mti ukawa sanamu, na mifupa ya wanyama waliokufa miaka milioni 150 iliyopita ikabebwa vichwani mwa watu mpaka bandarini.

Mto wenyewe ndio uliokuwa mlango, na kwa muda mrefu mlango huo ulifungwa nusu mwaka. Hadi mwaka 2003 magari yalivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na mvua za masika zilipozidi safari zilisimama. Mwaka huo lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, likapewa jina la rais ambaye mwenyewe alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mtoto wa kusini hasa. Hata sasa mvua haijaacha kudai haki yake. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara ya Lindi kwenye eneo la Somanga na watu wakakwama njiani. Anayetaka safari tulivu na achague Juni hadi Oktoba, ardhi ikiwa imekauka na upepo wa kusi ukipunguza joto.

Baada ya daraja basi hupita Muhoro, mji mdogo ambao wengi huupita wamelala. Hapo, tarehe 4 Agosti 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji akisema yangegeuza risasi kuwa maji matupu. Siku chache kabla, mwezi Julai, wakulima wa Nandete katika vilima vya Umatumbi walikuwa wameng'oa mashina ya pamba waliyolazimishwa kulima. Kung'oa kwao ndiko kulikoanzisha Vita vya Maji Maji, vilivyoenea hadi Songea na kuendelea mpaka mwaka 1907. Wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa waliokufa walifika 250,000 hadi 300,000, walio wengi kwa njaa, maana jeshi la Wajerumani liliteketeza mashamba na maghala. Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu Kinjikitile kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Kuiona ardhi yenyewe ni jambo jingine. Vilima vya Matumbi vimejaa mapango ya chokaa, na wenyeji husimulia kuwa watu walijificha humo vita vilipochacha. Mwamba ule ule unaomvutia mpenda mapango ndio uliokuwa ngome ya mwenye shoka na mkuki.

Kutoka Nangurukuru barabara moja huchepuka kushoto kwenda Kilwa Masoko, kilomita 300 hivi kutoka Dar es Salaam. Masoko ni mji wa serikali, wenye ofisi, benki, soko na gati. Ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari kinaonekana kisiwa cha kijani chenye jengo moja jeupe-kijivu ufukweni. Hapo ndipo Kilwa yenyewe, Kilwa Kisiwani. Mgeni huchukua kibali Masoko, hupewa mwongozaji, kisha huvushwa kwa boti au kwa mashua ya tanga. Anayeweza na achague tanga. Ni kwa tanga ndivyo mji huu ulivyozaliwa.

Kwa nini hapa, na si pengine popote katika pwani ndefu hii? Jibu liko kwenye kalenda ya pepo. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Arabuni na India. Kusi huanza Aprili na kuvirudisha. Jahazi lililotoka kaskazini liliweza kufika Kilwa, likauza, likanunua, na kuwahi upepo wa kurudi ndani ya msimu mmoja. Kwenda mbele zaidi, mpaka Sofala katika Msumbiji ya leo, kulikokuwa kukitoka dhahabu ya bara, kulihitaji muda ambao kalenda haikuwa nao. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala ilipandishwa hadi Kilwa na nguo, shanga na vyombo vya kauri vikateremshwa, na aliyekuwa akishika mlango wa kati alitajirika. Upepo uliweka mpaka, na watu wa Kilwa wakajenga juu ya mpaka huo.

Walijenga kwa kile bahari ilichowapa. Matumbawe laini yalichongwa yakiwa bado mabichi, yametoka majini, kwa sababu yakikauka huwa magumu. Ndiyo yaliyofaa kwa nakshi za mihrabu na miimo ya milango. Matumbawe ya kawaida yalikuwa mawe ya kuta. Mengine yalichomwa juu ya magogo mpaka yakawa chokaa ya kushikiza yale mawe. Ukiupapasa ukuta wa Msikiti Mkuu unagusa kiumbe kilichokuwa hai chini ya maji. Sehemu ya kale ya msikiti huo ni ya karne ya 11 au 12. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliuongeza upande wa kusini, paa likaja kuanguka, na katika karne ya 15 likajengwa upya kwa nguzo imara zaidi, makuba na matao. Kusimama katikati ya nguzo zile asubuhi, jua likiingia kwa mshazari kupitia paa lililobomoka, ni sababu tosha ya kusafiri kilomita zote zile.

Sultani huyo huyo alijenga Husuni Kubwa, juu ya jabali linalotazama bahari, nje kidogo ya mji. Lilikuwa kasri la vyumba zaidi ya 100, lenye ua, ghala za bidhaa na birika la kuogea lenye pembe nane. Birika lingali pale. Mtu akishuka ngazi zake na kukaa ukingoni huona maji ya mlango wa bahari chini yake, na huelewa mara moja kwa nini mfalme alichagua mahali pale: hakuna chombo kilichoweza kuingia bila kuonekana. Inaelekea kasri hilo halikumalizika, na halikukaliwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1331 alifika hapa msafiri wa Kimoroko, Ibn Battuta. Aliuandika mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, akataja kwamba nyumba zake ni za mbao, jambo linalokumbusha kuwa magofu ya mawe yanatuonyesha Kilwa ya wenye nacho; Kilwa ya wengine ilioza na kurudi udongoni. Sultani, al-Hasan yule yule, aliitwa pia Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ibn Battuta anasimulia jinsi fakiri mmoja kutoka Yemen alivyomsimamisha baada ya sala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani aliingia ndani, akabadilisha, akampa. Watu walimsifu. Mwanawe akazikomboa nguo zile kutoka kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi, na baba akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hicho husimuliwa kama sifa ya ukarimu, na ukarimu ulikuwamo. Lakini msomaji wa leo hawezi kuacha kuwatazama wale ishirini waliohesabiwa pamoja na pembe.

Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, nyingi za shaba, na ufundi wake ulikuwa wa kishairi: maneno ya kumsifu Mungu upande mmoja yalifanya kina na jina la sultani upande wa pili. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe, kilomita mamia kadhaa ndani ya bara. Tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 mbali kupita kiasi, kwenye mchanga wa Visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, na askari aliyekuwa zamu huko wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Zilifikaje, bado wataalamu wanabishana.

Wareno walikuja na mizinga mwaka 1505, wakauteka mji na kujenga ngome, kisha wakaondoka mwaka 1512. Jengo linaloonekana kutoka Masoko, liitwalo Gereza, limesimama palepale ilipokuwa ngome yao, ingawa kuta zilizopo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa miaka ya karibu na 1800. Kati ya hapo biashara ilikuwa imebadilika sura. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Karne iliyofuata soko hilo lilihamia bara, Kilwa Kivinje, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa.

Kivinje haumo kwenye orodha za utalii inavyostahili. Ni mji wa watu: wavuvi, madrasa, nyumba za ghorofa zenye roshani zinazoanguka, boma la Wajerumani lililoota miti, na harufu ya dagaa wanaoanikwa. Hapo ndipo Hassan bin Omari Makunganya, aliyepambana na Wajerumani, aliponyongwa mwaka 1895, na mahali pa unyongaji pamebaki na jina la Mwembe Kinyonga. Hakuna tiketi ya kuuona mji huu. Inatosha kusalimia, kupiga hodi unapoingia ua wa mtu, na kuomba ruhusa kabla ya kutoa kamera.

Kisiwani nako kuna kijiji. UNESCO iliweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaingiza kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 kwa sababu mawimbi yalikuwa yanakula ufuko na kuta zinaporomoka, na kuyatoa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kazi hiyo isingewezekana bila mafundi wa vijiji vya hapo, ambao mikono yao ilikumbuka chokaa na matumbawe. Wageni wengi huzunguka kisiwa kwa saa tatu na kurudi Masoko kula. Ni haraka mno. Anayekaa siku nzima ataona maji yakitoka, wanawake wakiteremka kutafuta pweza kwenye miamba, na magofu yakirudi kuwa jirani wa watu, mahali ambapo mbuzi hupumzika kivulini. Mavazi ya heshima yanatakiwa. Ni kijiji cha Waislamu, na mabega wazi huwatia wenyeji aibu ambayo kwa ustaarabu wao hawataisema.

Songo Mnara, kusini kidogo, huhitaji boti ya injini, na ratiba ya bahari ndiyo inayoamua. Mji wake ulistawi kwa muda mfupi, karne ya 14 hadi ya 16, kwa hiyo haukujengewa juu tena na tena. Nyumba zake zimebaki na mpango wake: baraza, sebule, vyumba vya ndani, vijishubaka vya ukutani, vyoo. Msomi hahitaji kumweleza Mswahili maana ya baraza lile. Ndilo analolikalia jioni mpaka leo. Njia ya kuingia hupita kwenye mikoko, na maji yakiwa yametoka mgeni hutembea kwenye tope mpaka kwenye magoti. Viatu vya thamani viachwe Masoko.

Kutoka Kilwa hadi Lindi nchi inabadilika. Mikorosho inaanza kutawala pande zote, na kandokando ya barabara huuzwa ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa, ambayo mtu wa kusini aliyeko mbali huiota usingizini. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, harufu ya mabibo hujaa hewani.

Ndani zaidi, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kipo kilima cha Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa ukijitokeza njiani. Kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilichimba hapo chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Kusema "walichimba" ni kuficha jambo. Waliochimba walikuwa watu wa Lindi, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Waliibeba mifupa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Hesabu ya miaka inauma: Maji Maji yalikuwa yamezimwa mwaka 1907 tu. Wengi wa wapagazi wale walikuwa wamenusurika vita na njaa, na sasa walibeba mijusi ya kale kumpelekea aliyewashinda.

Mjusi mkubwa kuliko wote, Giraffatitan, alisimamishwa Berlin mwaka 1937 na angali pale, mita 13.27 kutoka sakafuni mpaka kichwani. Suala la kumrudisha limefikishwa hadi Bungeni Dodoma zaidi ya mara moja. Mwaka 2007 mwanasayansi wa Kijerumani aliyetambua aina mpya katika mifupa ya Tendaguru aliiita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Hiyo ni haki ndogo iliyochelewa karibu miaka mia moja, lakini inafaa kila mtoto wa shule Lindi alijue jina hilo. Anayekwenda kilimani asitarajie mifupa iliyosimama. Atakuta majani, mashimo yaliyofukiwa, njia mbaya isiyopitika wakati wa masika, na ukimya. Aende na mwenyeji, na asiokote kitu.

Ukiendelea kusini kutoka Lindi, Mikindani inatosha nusu siku. Ni mji wa mawe uliozunguka ghuba ya duara, wenye boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo sasa ni hoteli, na ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mtwara, jirani yake, ni mji mpya zaidi. Bandari yake ya kina kirefu ilifunguliwa miaka ya 1950, ikiwa imekusudiwa mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa kabla bandari haijakamilika. Mashariki yake, Msimbati, kuna hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, yenye matumbawe na ufuko mweupe ambao mara nyingi mtu huwa peke yake.

Mwisho wa safari ni kupanda. Nyanda za juu za Makonde huinuka kutoka Ruvuma, na Newala imekaa ukingoni mwake. Maji huko juu yalikuwa taabu kubwa. Vizazi vya wanawake viliteremka mabondeni na kupanda na mitungi. Kwa nini basi watu waliishi huko? Hekaya ya Wamakonde inajibu. Kulikuwa na kiumbe aliyeishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha usiku, asubuhi ikawa mke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa karibu na mto, akafa. Wa pili walimpata mahali palipoinuka kidogo, akafa. Wa tatu alizaliwa juu kabisa, akaishi. Ukiondoa muujiza, kinachobaki ni maarifa ya watu waliojua kuwa bondeni kuna homa.

Na inafaa kukumbuka kwamba kabila lenye uchongaji maarufu kuliko yote Afrika Mashariki linaanza na sanamu. Zamani walichonga vinyago vya mapiko kwa mti mwepesi, vya kuchezewa wakati wa jando na unyago. Mpingo ulikuja kushika nafasi kubwa katikati ya karne ya 20, wachongaji walipohamia Dar es Salaam na kupata wanunuzi. Huko ilizaliwa mitindo inayojulikana leo: ujamaa, mnara wa watu waliopandana, kila mmoja akimbeba mwenzake, na shetani, yenye viungo vilivyopinda na macho ya ndotoni. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwatoa mashetani hao kwenye mti akawaweka kwenye rangi, na kazi zake zikaoneshwa Ulaya, Marekani na Japani.

Mpingo wenyewe hukua polepole mno. Unaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Wazungu huutaka kwa ajili ya klarineti na obo. Mchongaji hukaa chini, hushika gogo kwa nyayo, huanza kwa tezo kuondoa ganda la rangi ya maziwa mpaka weusi utokee, kisha patasi, tupa na msasa. Vijiji vya wilaya ya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kuvuna misitu yao kwa uangalifu, na gogo moja likaanza kukiingizia kijiji fedha ambazo zamani ziliishia kwa dalali. Mnunuzi wa kinyago anayeuliza mti umetoka wapi anamsaidia mchongaji wa kesho kupata kazi.

Nje kidogo ya Newala ardhi inakatika ghafla. Wenyeji wanapaita Shimo la Mungu. Chini kabisa bonde linatandaa, miti inakuwa kama majani ya mboga, na kwa mbali Ruvuma inang'aa kama uzi. Ng'ambo ni Msumbiji, na huko nako wanasema Kimakonde. Mpaka ulichorwa na Wajerumani na Wareno juu ya watu wa koo moja. Miezi ya Juni hadi Agosti, mavuno yakiwa yameingia ndani, ngoma za kuwatoa watoto jandoni husikika jioni kutoka vijiji vya pembeni. Mgeni haingii kambini. Yanayofundishwa humo ni ya wenyewe. Akialikwa siku ya kutoka, atapewa mkeka, atakaribishwa kula, na sindimba itachezwa mbele yake mpaka vumbi lipande.